Jedwali Moja, Jamii Mbili: Kisa cha Mfuko wa Mikopo Uliolinganisha Wanepali na Waarmenia

Kuhusu kisa hiki

Kisa hiki kinahusu mfuko usio wa kibiashara, ulioko katika kaunti kubwa ya magharibi mwa Marekani, ambao mwaka 2018 ulitakiwa kuamua namna ya kugawa fedha zake kati ya jamii mbili za wahamiaji, Wanepali na Waarmenia. Majina ya mfuko, ya kaunti na ya watu wote waliohusika yameondolewa, na habari za familia zilizotajwa zimebadilishwa kiasi cha kuzifanya zisitambulike. Niliombwa kupitia mafaili baada ya mzunguko huo wa fedha kwisha, kwa hiyo maelezo haya yametokana na kumbukumbu za vikao, fomu za maombi, na mazungumzo na maafisa mikopo pamoja na wajumbe wa kamati.

Usuli

Mfuko ulikuwa na huduma mbili: mkopo mdogo wa biashara, na ruzuku ya dharura ya kodi ya nyumba. Mfadhili mkuu aliweka sharti kwamba sehemu kubwa ya fedha iende kwa jamii itakayothibitishwa, kwa takwimu, kuwa ina hali duni zaidi ya kiuchumi. Sharti hilo lilionekana la haki, na hakuna aliyelihoji lilipopitishwa.

Ili kuelewa ubishi uliofuata, ni lazima kwanza kujua ni akina nani wanaoitwa kwa majina hayo mawili.

Waarmenia walianza kufika Marekani kwa wingi katika miaka ya 1890, wakikimbia mauaji ya enzi ya Sultani Abdul Hamid II wa Milki ya Osmani, wakaongezeka baada ya mauaji ya kimbari ya 1915, hadi sheria ya uhamiaji ya 1924 ilipowafungia mlango. Wengi walianzia viwandani, kama vile Worcester katika Massachusetts, ambako kanisa lao la kwanza nchini liliwekwa wakfu mwaka 1891, na Watertown, ambako walifanya kazi katika kiwanda cha mpira. Wengine walivuka bara hadi Fresno, California, wakalima zabibu, ingawa hati za viwanja katika mitaa kadhaa ziliwakataza kununua nyumba. Ilibidi mahakama ya shirikisho, katika shauri la Cartozian la mwaka 1925, iamue kwamba wao ni weupe kisheria na wanastahili uraia. Vitukuu vya watu hao leo ni mawakili, wakulima wakubwa na walimu wa vyuo, na wengi wao hawasemi Kiarmenia.

Wimbi la pili ni jingine kabisa. Vita vya Lebanoni vilivyoanza mwaka 1975 na mapinduzi ya Irani ya 1979 vilileta familia za mijini, zenye uzoefu wa biashara na mara nyingi zenye mtaji. Kutoka Armenia ya Kisovieti, hasa baada ya tetemeko la tarehe 7 Desemba 1988 na kuvunjika kwa Umoja wa Kisovieti mwaka 1991, walikuja wahandisi, wauguzi na mafundi waliokuwa na vyeti lakini hawakuwa na fedha, wakifuatana na wazazi wazee. Wengi walikusanyika katika eneo la Los Angeles, hususan mji wa Glendale.

Wanepali ni wageni wa juzi. Sensa ya mwaka 2000 iliwahesabu chini ya 10,000 nchi nzima. Ya 2010 ilipata karibu 60,000. Ya 2020 ikapita 200,000. Walipitia milango minne isiyofanana. Wapo waliokuja kusoma wakabaki na kazi za kitaalamu. Wapo walioshinda bahati nasibu ya viza, ambayo humtaka mwombaji awe amemaliza sekondari au awe na uzoefu wa kazi ya ujuzi. Wapo takriban 9,000 waliopewa hadhi ya ulinzi wa muda, TPS, baada ya tetemeko la tarehe 25 Aprili 2015. Na wapo wakimbizi wa Bhutan wasemao Kinepali, waliofukuzwa kwao karibu na mwaka 1990, wakakaa katika kambi saba za mashariki mwa Nepal kwa muda wa karibu miaka 20, kisha kuanzia 2008 Marekani ikawachukua zaidi ya 85,000. Hawa wa mwisho walipelekwa hasa Ohio, Pennsylvania na majimbo mengine yenye nyumba nafuu. Wengi wao, wanapojaza fomu ya sensa, huandika kwamba ni Wanepali.

Jedwali lililozusha ubishi

Mchambuzi wa mfuko alitumia takwimu za kitaifa za utafiti wa kila mwaka wa Ofisi ya Sensa, kwa sababu Wanepali wa kaunti ile walikuwa wachache mno kutolewa jedwali lao wenyewe. Jedwali lilionyesha kwamba kipato cha kati cha kaya, yaani kile ambacho nusu ya kaya ziko juu yake na nusu chini yake, kilikuwa kikubwa kwa Waarmenia kuliko kwa Wanepali, na umaskini ulikuwa mkubwa zaidi kwa Wanepali. Alipendekeza sehemu kubwa ya fedha iende kwa Wanepali.

Hesabu zake zilikuwa sahihi. Kilichomshinda kila mtu kwa majuma kadhaa ni kueleza kwa nini hazikufanana na watu waliokuwa wakiingia ofisini.

Mfululizo wa matukio

Afisa mikopo wa kwanza, aliyekuwa akipokea maombi ya Waarmenia, aliwaambia wenzake kikaoni kwamba robo mwaka ile alikuwa amewahudumia wazee waishio peke yao katika vyumba vya kupanga, ambao kodi ilimeza karibu posho yao yote. Afisa wa pili, aliyehudumia Wanepali, alisema waombaji wake wengi walikuwa wenye maduka madogo na wafanyakazi wa vituo vya mafuta waliotaka kununua biashara waliyokuwa wameajiriwa, na wahitimu wachache wa vyuo. Wakimbizi kutoka Bhutan hakuwapata kabisa. Mwenyekiti alijibu kwamba ofisi haiwezi kuendeshwa kwa hadithi za dirishani, na akaahirisha kikao.

Ni mjumbe mmoja wa kamati, mhasibu aliyestaafu, aliyeuliza swali lililobadilisha kazi yote: watu waliomo ndani ya kila safu ya jedwali waliingiaje humo? Mchambuzi alirudi kwenye maelezo ya kitaalamu na kukuta kwamba safu mbili zilijazwa na maswali mawili tofauti ya fomu. Mnepali hupatikana kupitia swali la asili ya rangi, ambamo huandika jina la jamii yake chini ya kundi la Waasia, na kwa kuwa jamii yenyewe ni changa, wengi wa wanaojibu walizaliwa ng'ambo. Mwarmenia hupatikana kupitia swali la ukoo, linalojibiwa na yeyote anayejiona ana asili hiyo, akiwemo kitukuu cha mkulima wa Fresno. Kwa hiyo safu moja ilipima wahamiaji, na nyingine ilipima wahamiaji pamoja na vizazi vitatu vya raia waliozaliwa nchini.

Katika majuma yaliyofuata mfuko ulifanya mambo mawili. Kwanza, ulichambua upya mafaili yake wenyewe kwa mwaka wa kufika na namna ya kufika, badala ya jina la jamii. Pili, maafisa walitumwa kuzitembelea baadhi ya kaya nyumbani, kwa idhini yao, ili kuona fedha inavyoingia na kutoka.

Ziara mbili zinastahili kuelezwa. Katika nyumba moja ya Wanepali waliishi ndugu wawili wa kiume, wake zao, watoto na wazazi, vyumba vitatu kwa watu tisa. Watu wanne walikuwa na mshahara. Kikaratasi kilichobandikwa kwenye mlango wa jokofu kilionyesha zamu za kila mmoja kwa juma, ili wakati wote awepo mtu mzima wa kubaki na watoto. Kwenye jedwali lolote, kipato cha kaya hiyo kingeonekana kizuri; ukikigawanya kwa vichwa, na ukiondoa fedha iliyotumwa kwao kila mwezi, picha inakuwa nyingine. Katika nyumba ya pili aliishi bibi mjane, Mwarmenia aliyekuwa fundi maabara katika mji wa Gyumri, akipokea posho ya serikali kuu kwa wazee na walemavu wasio na uwezo, iitwayo SSI. Mwanawe aliishi umbali wa dakika kumi, akiwa na kazi nzuri. Afisa alipouliza kwa nini hawaishi pamoja, mwana alitoa bahasha ya barua za idara husika na kuonyesha: chini ya kanuni za wakati ule, mzee aliyehamia kwa mwanawe akalala na kula bure aliweza kukatwa theluthi ya posho ya shirikisho. Akiba nayo isizidi dola 2,000, kiwango ambacho hakijabadilika tangu 1989.

Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kuacha kugawa fedha kwa jamii. Kamati ilimwandikia mfadhili kwamba uhitaji ungepimwa kwa kaya, kwa kipimo chenye vitu vinne: kipato kwa kila mtu aishiye nyumbani, sehemu ya kipato inayokwenda kwenye kodi ya nyumba, muda wa kibali cha kuishi nchini, na wategemezi walio nje ya nchi. Sababu ya kuipa kodi ya nyumba kipengele chake ilikuwa bayana. Mstari rasmi wa umaskini wa Marekani ni mmoja kwa majimbo 48 ya bara, kana kwamba chumba cha Los Angeles na cha Akron, Ohio, hukodishwa kwa bei moja. Ndiyo maana California, inayoonekana ya kawaida kwa kipimo hicho, hupanda hadi kileleni mwa orodha pale Ofisi ya Sensa inapotumia kipimo cha nyongeza kinachohesabu gharama za makazi.

Uamuzi wa pili ulihusu dhamana. Waombaji wengi wa Kinepali hawakuwa na historia ya mikopo benki, ila walikuwa wanachama wa dhukuti. Msomaji wa Afrika Mashariki ataitambua mara moja kuwa ni upatu: kila mwezi wanachama huchangia, na mmoja huchukua chungu chote. Tofauti ni kwamba katika baadhi ya dhukuti hakuna zamu wala kura, bali wanachama hunadi, na aliye tayari kupokea pungufu zaidi ndiye huchukua, kisha kilichobaki hugawanywa kwa wengine kama faida. Mwenye haraka hulipia haraka yake. Afisa wa pili aliomba kuona daftari la kikundi kimoja na kukuta saini za kila mwezi zisizo na pengo. Kamati ilikubali daftari hilo lisimame badala ya historia ya benki, na wanachama wawili wa kikundi wamdhamini mkopaji. Hapo, kwa maoni yangu, mfuko ulifanya kazi yake bora kuliko mahali pengine popote katika kisa hiki.

Uamuzi wa tatu ulikuwa mgumu. Aprili 2018 serikali ilitangaza kwamba TPS ya Wanepali ingekoma tarehe 24 Juni 2019. Baadhi ya waombaji walikuwa na vibali hivyo tu. Wajumbe wawili walitaka wasikopeshwe kabisa. Mmoja alitaka wakopeshwe kama wengine. Maafikiano yakawa mkopo ambao marejesho yake yangekwisha kabla ya tarehe hiyo, yaani chini ya mwaka mmoja, wakati wengine walipewa miaka mitatu.

Uamuzi wa nne: ruzuku ya kodi iliwekwa wazi kwa wazee, kwa matumaini kwamba Waarmenia waliofika miaka ya 1990 wangekuwa wanufaika wakuu.

Matokeo

Mikopo iliyodhaminiwa na vikundi ilirejeshwa vizuri. Waliochelewa walichelewa kwa juma moja au mawili, na mara nyingi mdhamini alipiga simu kabla ya afisa kumpigia.

Wakopaji wenye TPS walilipa pia, lakini kwa taabu. Marejesho ya miaka mitatu yaliyosukumwa ndani ya miezi isiyofika kumi na miwili yalifyonza fedha ya kununulia bidhaa, na duka moja lilifungwa likiwa halidaiwi senti na mfuko. Kisha Machi 2019, kufuatia shauri lililofunguliwa mahakamani, utekelezaji wa amri ya kukomesha TPS ulisimamishwa, na vibali vikaendelea kuongezwa kwa miaka kadhaa. Hatari iliyofanya mikopo ifupishwe haikutimia wakati ule.

Ruzuku ya kodi haikuchukuliwa kama ilivyotarajiwa. Wazee walikuja, wakasikiliza, wakachukua fomu, wasirudi. Afisa wa kwanza alipofuatilia aligundua kwamba waliogopa fedha yoyote ngeni ingeonekana kwenye akaunti na kuwaletea barua ya kukatwa posho. Ofisi ya msaada wa kisheria ilisema ruzuku ya aina ile ingeweza kuelezwa kwa idara husika bila madhara, ila maelezo hayo hayakuwatosha watu ambao jirani yao alikwishadaiwa kurudisha posho. Siwalaumu.

Kilichofaa kikatokea pembeni. Baadhi ya waliofika kama wakimbizi walikuwa na kikomo kingine: tangu sheria ya ustawi wa jamii ya 1996 na marekebisho yake, mkimbizi hupata SSI kwa miaka saba, kisha hukatwa asipokuwa raia. Ada ya kuomba uraia ilikuwa dola 725, lakini mpokeaji wa SSI aliweza kuomba asamehewe, na mgonjwa aliweza kuondolewa mtihani wa Kiingereza kwa fomu ya daktari. Kwa maneno mengine, walichokosa wazee hao hakikuwa fedha bali mtu wa kukaa nao mezani na kujaza karatasi. Mfuko ulihamisha sehemu ya bajeti ya ruzuku ikamlipa mfanyakazi wa nusu siku asemaye Kiarmenia na Kirusi. Foleni yake haikuisha hadi mwisho wa mzunguko.

Uchambuzi

Jambo kuu katika kisa hiki ni kwamba ulinganisho wa kitaifa ulielekeza fedha upande usio sahihi kwa kaunti ile. Wanepali wa kitaifa walishushwa na wakimbizi wa Bhutan ambao hawakuishi pale. Waarmenia wa kitaifa walipandishwa na vizazi vya zamani ambavyo havikuhitaji mfuko wala havikuujua. Wote wawili waliokuwa mlangoni, mwenye duka wa Kathmandu na mjane wa Gyumri, walikuwa tofauti na wastani uliobeba jina lao. Ukitaka kujua hali ya kiuchumi ya mhamiaji, mwaka aliofika, kibali alichofikia nacho na bei ya nyumba alipotua vitakueleza mengi kabla ya kuuliza kabila.

Suala la kaya linahitaji uangalifu zaidi kuliko lilivyopewa. Kamati ilisema kwamba Wanepali huishi pamoja kwa mila na Waarmenia huishi kila mtu kwake. Kumbukumbu za kikao zimeandika hivyo hivyo, na ni kosa. Kuishi pamoja ni desturi ya jamii zote mbili. Kilichowatenganisha mzee wa Kiarmenia na mwanawe ni kanuni ya posho, na kilichowabana ndugu wawili wa Kinepali chini ya paa moja ni kodi na kukosa posho yoyote ya kupoteza. Sheria ilikuwa imechora umbo la kaya kabla mchambuzi hajalipima, na kipato cha kaya kikapima sheria hiyo pamoja na ustawi. Kugawanya kwa vichwa kulipunguza tatizo bila kulimaliza, kwa sababu mwana wa yule mjane, asiyeonekana kwenye faili lake, ndiye aliyemnunulia dawa.

Kipengele cha wategemezi walio nje kilikuwa kizuri kwa nia na dhaifu kwa vitendo. Fedha zinazotumwa kutoka ng'ambo zilifikia karibu robo ya pato la taifa la Nepal katika miaka ile, nyingi zikitoka kwa wafanyakazi walioko Ghuba, Malaysia na India, na familia moja yaweza kuwa na kaka Doha na dada California wanaosaidiana kumsomesha mdogo wao. Fomu iliuliza "unatuma kiasi gani", haikuuliza nani mwingine anatuma, wala kama mwombaji bado analipa deni la safari yake mwenyewe. Kwa Waarmenia swali lilikosa maana zaidi, kwa kuwa fedha nyingi ziingiazo Armenia hutoka Urusi, na wazee wa kaunti ile walikuwa wapokeaji.

Wanawake wa Kinepali hawakuonekana kabisa. Katika kaya kadhaa mke alifanya kazi ya kutengeneza nyusi au kucha saluni, akilipwa sehemu kwa fedha taslimu, na baadhi walikuwa na wateja wa kutosha kufungua kiti chao wenyewe. Maombi yote ya mkopo niliyoyasoma kutoka kaya hizo yaliandikwa kwa jina la mume. Daftari la dhukuti, ambalo mfuko uliliamini kama dhamana, lilikuwa na majina mengi ya wanawake. Hakuna aliyefikiri kulitumia kuwatafuta.

Kuhusu mikopo ya wenye TPS, wapo waliosema baadaye kwamba kamati ilipaswa kutabiri hukumu ya mahakama. Sikubaliani nao. Ilichopaswa kufanya ni kutenganisha maswali mawili: kama mtu atakuwepo kulipa, na kama biashara inamudu kulipa kwa kasi ile. Lilijibiwa la kwanza tu. Mkopo mdogo zaidi kwa muda ule ule mfupi ungelinda fedha za mfuko vilevile, na duka lisingekauka.

Mfadhili alikubali kipimo kipya lakini hakubadilisha fomu ya taarifa, ambayo bado inadai tarakimu moja kwa kila jamii. Mchambuzi huijaza na kuambatisha maelezo ya kurasa mbili. Katika mzunguko uliofuata zilifika pia familia za Wakongo wasemao Kiswahili, ambazo jedwali la kitaifa huzichanganya na Waafrika wengine, kuanzia daktari wa Lagos hadi mwanafunzi wa Nairobi. Safari hii afisa wa pili alianza na mwaka na namna ya kufika, na katika faili la kwanza akaandika: kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Kigoma, zaidi ya miaka 20, mume na mke wana kazi ghalani, zamu ya usiku, kibali cha kudumu kimeombwa.